Kufuma nguo kwa uzi uliousokota mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jioni hukaa barazani, Ngamiani hapa Tanga, na kijiti changu na kifuu nikisokota pamba. Ni nadra mtu apite, atoe salamu, aende zake bila kuuliza jambo. Wengine wameanza kusokota wenyewe, wamekwama, wamerudi na maswali magumu kuliko ya kwanza. Haya ndiyo yanayorudi kila mara.

Joto lote hili la Tanga, sweta ya nini?

Ndiyo maana ninasokota pamba. Nguo ya pamba iliyofumwa kwa nafasi hupitisha upepo na hunyonya jasho, na sioni kwa nini tumwachie uzi wa plastiki mwili wa mtu anayeishi pwani. Ninafuma vizibao, mitandio, fulana zisizo na mikono, na zaidi ya vyote kofia na soksi za watoto wachanga. Mama wa Tanga humfunika mwanawe kichwa hata Februari, jua likiwa utosini.

Halafu mkoa wetu hauishii baharini. Panda kutoka Mombo kwenda Lushoto asubuhi ya Julai, ushuke garini na shati jepesi, utajua sweta ni ya nini.

Pamba nipate wapi?

Pamba ya nchi hii kwa sehemu kubwa hulimwa Kanda ya Ziwa: Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita. Ukiwa na ndugu huko, mwombe akuletee kilo mbili tatu za pamba yenye mbegu msimu wa kuvuna. Usimwombe iliyoshindiliwa kwenye marobota, kwa sababu nyuzi zimebanwa na kuzifungua ni kazi. Huku pwani utakuta miti miwili mitatu ya mpamba kwenye viwanja vya watu. Omba, hawakunyimi. Ukipanda wako, ung'oe mabaki baada ya kuvuna, maana mashina yanayoachwa hulea wadudu mpaka msimu mwingine.

Jua pia kwamba mbegu ndizo zinazobeba uzito. Katika kilo moja ya pamba yenye mbegu, nyuzi zenyewe ni zaidi kidogo ya theluthi. Kuzitenga kwa mkono ndiko kuchambua, kazi ya watoto na wazee, na hufanyika vizuri zaidi kukiwa na hadithi. Weka pamba kwenye ubao, pitisha fimbo laini ya chuma juu yake huku ukiikandamiza: mbegu inatoka mbele, nyuzi zinabaki nyuma.

Kwa nini nisitumie pamba ya duka la dawa?

Kujifunzia, sawa. Kufumia nguo, hapana. Imetolewa mafuta yake ya asili ili inyonye maji, na nyuzi zake mara nyingi ni fupi na zimevunjika. Uzi wake una vidonge na hukatika.

Na usufi? Tuna misufi mingi.

Swali zuri, na watu wengi huchanganya maneno. Sufu ni manyoya ya kondoo. Usufi ni ule mweupe unaotoka kwenye maganda ya msufi, tunaojazia mito na magodoro. Ukiutazama kiganjani unang'aa kama hariri, na hapo ndipo unapodanganya. Nyuzi zake ni laini mno na fupi, zinateleza. Hazishikani kama za pamba, ambazo zina mpindo wa asili. Unasokota, unavuta, uzi unakuachia vumbi mkononi. Nilijaribu kuchanganya usufi kidogo na pamba nyingi. Uzi ulipatikana, lakini kofia iliyotoka ilimwaga manyoya kwenye nywele za mtoto mwezi mzima. Acha usufi ukae kwenye mto.

Mkonge pia huulizwa, kwa sababu ndio ulioujenga mji huu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo ndiyo yakatoka mashamba yote tuliyoyakuta. Ni nyuzi imara kwa kamba, mikeka na mikoba. Kwenye shingo ya mtu zinachoma.

Nahitaji mashine gani ya kusokotea?

Huhitaji mashine. Kijiti changu ni cha mwanzi, urefu kama sentimita 25, kimechongwa ncha zote mbili, na chini kina kigae cha mviringo cha kukipa uzito. Vyote pamoja havifiki gramu 20. Ncha ya chini naiweka ndani ya kifuu cha nazi kilichosuguliwa, nakizungusha kwa vidole kama pia, na mkono wa pili unavuta pamba. Kifuu ndicho kinachokibeba kijiti. Watu wanaoona video za wasokotaji wa sufu hukiacha kijiti kining'inie hewani, kisha wanalalamika uzi unakatika. Nyuzi za pamba zina urefu wa sentimita mbili na nusu hadi tatu. Haziwezi kubeba uzito huo zikiwa bado hazijasokotwa vya kutosha.

Na wala si kitu cha kigeni pwani yetu. Waliochimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati: vizito vya vijiti vya kusokotea. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alieleza kuwa nguo zilizotengenezwa pale zilipelekwa mpaka Misri. Wale walifuma kwa mtambo, nyuzi za kutanda na za kupitisha, si kwa sindano mbili kama sisi. Lakini mkono wa kusokota ni uleule. Kigae changu nilikichonga mwenyewe kutoka kwenye mtungi uliovunjika, nikakisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka kikawa duara, nikakitoboa kwa msumari polepole siku mbili. Kila nikikishika nawafikiria hao.

Uzi wangu unakatika kila baada ya mita moja. Nakosea wapi?

Mara tisa kwa kumi, mzunguko hautoshi. Pamba inataka kusokotwa sana kuliko sufu, kwa sababu ni fupi. Zungusha kijiti, subiri uuone mzunguko ukipanda hadi karibu na vidole, ndipo uvute. Ukivuta kwanza unaitenganisha pamba.

Angalia na hewa. Pamba kavu inarushwa rushwa na kukatika. Yenye unyevu kidogo inatii. Asubuhi mapema, au jioni upepo wa bahari ukiingia, kazi huenda. Kipindi cha kaskazi, hewa ikiwa kavu, huweka bakuli la maji karibu na kulowesha ncha za vidole. Zima feni. Najua joto, lakini zima.

Nimefuma fulana, imepinda upande mmoja kama imeegemea ukuta. Kwa nini?

Kwa sababu umefuma kwa uzi mmoja uliosokotwa bila kuupota. Uzi wa namna hiyo bado una nguvu ya kuzunguka ndani yake. Unapoufuma, kila kitanzi kinajaribu kujizungusha upande uleule, na vitanzi elfu tano vikivuta upande mmoja, nguo inakwenda nao. Pasi haiondoi.

Waangalie wanaosokota usumba wa nazi kwa kamba. Kwanza wanasokota nyuzi upande mmoja, kisha wanazipota pamoja kwa upande wa pili, na kamba inatulia. Fanya hivyohivyo. Sokota kwa kuzungusha kulia, ujaze vijiti viwili. Kisha chukua nyuzi zote mbili, uzipote pamoja kwa kuzungusha kushoto. Ili ujue kama umepota sawasawa, kunja kipande cha uzi katikati na ukiache kining'inie. Kikitulia kama utepe, ni sawa. Kikijisokota chenyewe mara nyingi, bado hakijasawazika.

Uzi una manundu, huku mnene kule mwembamba. Nguo itapendeza kweli?

Itapendeza. Kupota nyuzi mbili kunasaidia sana, maana pembamba pa uzi mmoja mara nyingi hukutana na panene pa mwingine. Manundu madogo huipa nguo uso ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuutoa, na mimi nauthamini.

Kinachoharibu nguo ni mabadiliko ya polepole. Donge la kwanza ulilisokota ukiwa mwanafunzi, la sita mkono umekomaa na uzi umekuwa mwembamba. Ukiyafuma kwa mpangilio huo, mgongo utakuwa mzito na kifua chepesi. Dawa ni mbili. Kwanza, chukua kipande cha uzi unaoutaka, ukifunge kwenye kadi, ukae nacho kila unaposokota, na ukilinganishe kila baada ya robo saa. Pili, fuma kwa madonge mawili kwa zamu: mistari miwili kutoka hili, miwili kutoka lile. Tofauti inatawanyika na jicho halioni mpaka.

Ni lazima niuchemshe uzi kabla ya kufuma?

Pamba, ndiyo. Uzungushe uzi kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, ufunge sehemu nne kwa kamba isiyobana, uuchemshe saa moja kwa sabuni ya mche iliyokunwa na magadi kidogo. Maji yatakuwa ya rangi ya chai. Ni nta na uchafu wa asili unaotoka, na bila kutoka huo uzi hautakamata rangi wala kunyonya jasho. Pia uzi unasinyaa hapo, badala ya kusinyaa ukiwa umeshakuwa nguo. Usiogope kuudhoofisha, pamba ikilowa huwa imara zaidi.

Nitajuaje uzi unatosha?

Pima. Usikisie kwa ukubwa wa donge, donge linadanganya.

Pima mita 10 za uzi uliokwisha kupotwa na kuchemshwa, kisha upime uzito wake. Kama huna mizani ndogo, nenda kwa sonara, anayo ya gramu, na ukimsalimia vizuri hakutozi. Tuseme mita 10 zina gramu 4. Basi gramu 100 ni mita 250. Kizibao cha mtu mzima kwa uzi wa wastani hula kama mita 600, yaani gramu 240. Sweta ya mikono mirefu ni mita 1,000 hadi 1,300. Kofia ya mtoto mchanga ni 50 hivi. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa usalama. Na kwa hizo gramu 240 za kizibao, anza na kilo nzima ya pamba yenye mbegu, kwa sababu mbali na mbegu kuna inayopotea kwenye kuchambua na kuchana.

Kisha jua kwamba mita 600 za uzi uliopotwa zimetoka kwenye mita 1,200 na zaidi za uzi mmoja. Mimi kwa saa nasokota kama mita 40. Piga hesabu: ni saa 30 kabla hujashika sindano. Haba na haba, lakini kibaba kinajaa.

Kipande cha majaribio ni cha lazima? Ninapoteza uzi wangu.

Ni cha lazima. Hapa nitakaa kidogo.

Kizibao cha kwanza nilimfumia kaka yangu. Nilifuma kipande kidogo cha sentimita sita, nikakipima kikiwa juu ya meza, hakijafuliwa, nikaanza kazi. Nilimaliza kikiwa na urefu wa sentimita 58, kimemkaa vizuri mno. Baada ya wiki mbili za kuvaliwa kilikuwa 67 na mifuko imeshuka mapajani. Aliendelea kukivaa kwa heshima yangu, na kila nilipomwona nacho niliumia. Saa zile zote za kusokota!

Sababu ni kwamba pamba haina unyumbukaji wa sufu. Ikivutwa na uzito wake yenyewe haijirudishi, na uzi wa mkono mara nyingi ni mzito kuliko wa dukani. Kwa hiyo fuma kipande kisichopungua sentimita 15 kila upande. Kifue kama utakavyoifua nguo. Kikikauka kitundike kwa vibanio, chini yake ning'iniza vijiko viwili vitatu, ukiache usiku kucha. Ndipo upime sentimita 10 za katikati, si za ukingoni. Kama sentimita 10 za urefu zimekuwa 11, na unataka kizibao cha 58, fuma 53 tu. Mwili na muda vitaongeza zilizobaki.

Kwa upana, kosa la kitanzi kimoja si dogo. Mtu mwenye kifua cha sentimita 96, ukimwachia 6 za kupumulia, unataka 102. Kwa vitanzi 18 kila sentimita 10, unaanzisha 184. Ikiwa kumbe uzi wako unatoa 17, vitanzi hivyohivyo vinakupa sentimita 108. Hiyo ni nguo ya mtu mwingine.

Hii ndiyo sababu maelezo ya kufuma ya kwenye intaneti hayawezi kufuatwa neno kwa neno kwa uzi wako. Yaliandikwa kwa uzi wa kiwandani. Chukua umbo la nguo, hesabu ya vitanzi weka yako. Na kipande chenyewe hakipotei: kitunze, uzi ukipungua mwishoni unakifumua.

Sindano namba ngapi?

Zungushia uzi kwenye rula, nyuzi zikigusana bila kubanana, uhesabu mizunguko ndani ya sentimita 2.5. Ikifika 14 hivi, jaribu milimita 4. Kwa pamba mimi hushuka hatua moja, natumia 3.75, ili vitanzi vibane na nguo isilegee. Zile sindano za zamani za mama zetu zenye namba za Kiingereza huhesabu kinyume: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni 3.25, yaani namba ikipanda sindano inakonda. Spoku za baiskeli, ambazo wengi tulijifunzia, ni kama milimita 2. Kwa uzi wa mkono ni nyembamba mno, isipokuwa soksi za kichanga.

Nianze na nguo gani?

Kofia ya mtoto mchanga. Haiombi uzi mwingi, na ikikosea ukubwa, kuna kichwa kingine kitakachoitosha. Kisha mtandio, kisha kizibao. Sweta ya mikono iwe ya nne. Shona mabega kwa utepe wa pamba ndani, yasifunguke.

Sufu ya kondoo haipatikani?

Kondoo wetu wengi, wa Kimasai na wale wa mkia mnene, wana nywele fupi zisizosokoteka. Sufu ya kufumia hutoka kwa kondoo wa nyanda za baridi, kama Corriedale wa nyanda za juu za Kenya. Ukiletewa, kumbuka sheria zake ni kinyume cha pamba: haichemshwi wala haisuguliwi, maana maji ya moto na msuguano huifanya ishikane na kusinyaa isirudi tena. Na ihifadhi mbali na nondo, kwenye mfuko uliofungwa vizuri.

Rangi za asili zinadumu kwenye pamba?

Zinadumu ukiiandaa. Pamba haikamati rangi kirahisi. Lowesha uzi uliochemshwa usiku kucha kwenye maji ya maganda ya komamanga, kesho yake kwenye maji ya shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za uzi, ndipo uutie kwenye rangi. Maganda ya vitunguu, uzito sawa na wa uzi, hutoa rangi ya dhahabu nzuri sana. Wauzaji wa soko la Mgandini hunipa gunia zima bure. Bizari ya manjano inavutia siku ya kwanza na kupauka juani. Magome ya mkandaa hutoa hudhurungi nzito, lakini misitu ya mikoko ni hifadhi na haikatwi bila kibali, kwa hiyo siyagusi.

Uzi umeniishia kabla ya mkono wa pili.

Pole. Fumua ukingo wa chini, ufume mikono ya robo tatu. Au sokota mwingine kwa kufuata ile kadi yako, uutumie kwenye shingo na kingo zote ili tofauti ionekane imekusudiwa. Safari ijayo fuma mikono kwanza, mwili baadaye. Mwili unaweza kufupishwa.

Nguo niifueje?

Kwa mkono, kwa sabuni ya kawaida. Usiikamue kwa kuisokota. Ikunje ndani ya taulo uikandamize. Usiianike kwenye kamba, itarefuka kwa uzito wa maji. Itandaze kwenye mkeka kivulini, uirudishe umbo lake kwa mikono. Kipindi cha masika usiikunje kabatini ikiwa na unyevu hata kidogo. Ukungu wa pwani unatia madoa meusi ambayo hayatoki.

Nikiuza, nitoze kiasi gani?

Hesabu saa, usihesabu pamba. Mimi vizibao siviuzi, nawapa watu wangu. Kofia za watoto nauza, kwa sababu saa zake zinalipika.

Uzi wangu wa kwanza ni mbaya sana. Niutupe?

Usithubutu. Wangu wa kwanza ulikuwa mnene kama kamba huku, kule kama unywele. Niliufuma kofia kwa sindano kubwa. Imevaliwa na watoto watatu wa dada yangu, mmoja baada ya mwingine. Imefuliwa mara zisizo na idadi, imekuwa laini kama mashavu yao, na sasa inamsubiri wa nne.